Zhaozhou, Lugou au Baodai: daraja lipi la mawe uende kuliona Uchina?

Ukiwa Uchina kwa masomo, kwa mzigo wa biashara au kwa matembezi, siku za kujitazamia nchi huwa chache. Wengi wetu huzimalizia Ukuta Mkuu na madukani. Kwa mwenye jicho la ujenzi, au anayependa tu kitu kilichotengenezwa vizuri, nashauri siku moja iende kwenye daraja la kale la matao ya mawe. Shida ni kuchagua. Madaraja haya ni mengi, na pichani yote yanafanana: tao, maji, mierebi imeinamia mto. Anayechagua kwa picha anaweza kupoteza siku nzima barabarani akitafuta kitu ambacho angekipata kwa treni ya mjini, au akaishia kupiga picha juu ya daraja ambalo maajabu yake yote yako chini.

Nitalinganisha matatu kwa kirefu, kisha nitaje mengine kwa mkato kwa ajili ya walio mbali na hayo. Msimamo wangu nautoa mapema. Kwa uhandisi, Zhaozhou halina mpinzani. Kwa historia, nenda Lugou. Lakini mimi ukinipa nauli ya safari moja tu nitakwenda Baodai, ambalo watu wengi hata hawalitaji.

Swali la kwenda nalo

Jiwe ukiligandamiza hubeba mzigo mkubwa sana, ila ukilivuta hukatika upesi. Ndiyo maana boriti ya jiwe ikilazwa juu ya mto mpana hupasuka katikati, upande wa chini, pale inapovutika. Tao huondoa tatizo hilo. Mawe yanabanana, kila moja linamsukuma mwenzake, na mzigo unateremka kwa kufuata mkunjo mpaka ukingoni. Isipokuwa hauteremki wima. Unasukuma nje pia, na kadiri tao linavyokuwa bapa ndivyo msukumo huo wa pembeni unavyozidi.

Kwa hiyo mbele ya daraja lolote la tao, jiulize: nani anaupokea ule msukumo wa pembeni? Zhaozhou unapokelewa na ardhi. Lugou unapokelewa na nguzo nene. Baodai unapokelewa na tao la jirani. Karibu kila unachokiona, pamoja na kile tunachokiita uzuri, kimetokana na jibu hilo.

Zhaozhou: tao moja bapa juu ya udongo wa kawaida

Daraja la Zhaozhou, ambalo pia huitwa Anji, liko wilaya ya Zhao katika jimbo la Hebei, kilomita kama 40 kutoka mji wa Shijiazhuang. Lilijengwa kati ya mwaka 595 na 605, enzi ya Sui, na tofauti na madaraja mengi ya kale, fundi wake anajulikana: Li Chun. Karne iliyofuata, afisa mmoja wa enzi ya Tang, Zhang Jiazhen, aliandika kwamba kazi ile si ya kawaida na kwamba hakuna anayejua fundi aliifanya kwa kanuni gani.

Tazama vipimo. Kutoka ukingo hadi ukingo, tao lina mita 37 na ushee, lakini linapanda mita 7 tu. Warumi, mabingwa wa matao, walipenda nusu duara. Nusu duara ya upana huo ingepanda zaidi ya mita 18, na kila mwenye mkokoteni angelazimika kupanda kilima ili avuke mto. Njia nyingine ilikuwa kusimamisha nguzo majini na kujenga matao madogo mawili matatu, lakini nguzo huziba mkondo na kusumbua mashua. Li Chun alichukua kipande tu cha duara akakilaza. Msukumo wa pembeni ukawa mkubwa, na wa kuupokea alikuwa udongo wa kingo za mto Xiao. Wapimaji wa karne ya 20 walipochimba kuona kuna nini pale chini, walikuta msingi usio na mbwembwe: tabaka tano za mawe, jumla yake mita moja na nusu hivi, zimekaa moja kwa moja juu ya udongo wa asili. Katika miaka 1400 msingi huo umetitia sentimita chache.

Halafu kuna yale matundu. Kwenye mabega ya tao kubwa, mahali ambapo fundi mwingine angejaza mawe na kifusi, Li Chun aliacha matao madogo manne, mawili kila upande. Madogo zaidi yana upana wa karibu mita 3, makubwa karibu mita 4. Wahandisi wamekadiria kwamba yalipunguza uzito wa tani kama 700. Uzito ukipungua, msukumo unapungua, na udongo wa ukingoni unapata nafuu. Mto ukifurika, maji yanapita matunduni badala ya kugonga ukuta. Na ni matundu hayohayo yanayoufanya mzigo wote ule uonekane umepaa. Hakuna pambo hapo: fundi alikuwa anapunguza kilo, na uzuri ukaja na kazi. Ulaya, tao bapa la mawe lenye mabega wazi namna hii lilikuja kuonekana karne nyingi baadaye.

Sasa shuka ukingoni utazame uso wa chini wa tao. Utaona mistari mirefu inayokwenda kutoka upande mmoja wa mto hadi mwingine bila kukatwa. Kumbe tao si moja. Ni matao membamba 28 yaliyosimamishwa bega kwa bega kama slesi za mkate. Faida yake ni kwa fundi kwanza: jukwaa la mbao la kushikilia mawe wakati wa kujenga halihitaji kuwa pana kama daraja zima. Unajenga tao moja jembamba, likishikamana unasogeza jukwaa, unajenga la pili. Moja likiharibika, linatengenezwa bila kubomoa mengine. Hasara ni kwamba yale ya nje hupenda kujitenga na kuangukia mtoni, kwa kuwa upande mmoja hayana wa kuyashika.

Li Chun alilijua hilo, na hapa ndipo kazi yake inapopendeza kwa karibu. Daraja ni jembamba kidogo juu kuliko chini, kwa hiyo matao ya nje yanaegemea ndani. Fito za chuma zimepita ndani kwa upande kuyafunga yote 28. Na katika maungio ya mawe kuna vibanio vya chuma vilivyochongewa nafasi yake kwenye jiwe, vipana ncha zote mbili na vyembamba kiunoni, ili mawe mawili yakitaka kuachana chuma kiyakatalie. Havikutosha kwa asilimia mia. Kwa karne zote hizo baadhi ya matao ya pembeni yaliwahi kuanguka, na daraja likabaki limesimama kwa yale mengine, watu wakaendelea kuvuka. Tetemeko kubwa la Xingtai la mwaka 1966, ambalo kitovu chake hakikuwa mbali, nalo lilipita.

Wenyeji wana maelezo yao. Wanasema mjenzi ni Lu Ban, baba wa mafundi wote katika hadithi za Kichina. Mzee Zhang Guolao, mmoja wa wale watakatifu wanane wasiokufa, akaja na punda wake kumjaribu, na mwenzake akisukuma mkokoteni uliobeba milima. Daraja likayumba, Lu Ban akaruka majini akalishika kwa mikono. Juu ya sakafu ya daraja utaonyeshwa alama za kwato na za gurudumu. Watoto wa shule wanaoletwa pale hujipanga foleni kuweka mguu wao ndani ya kwato.

Ulinganisho bila dosari ni tangazo, kwa hiyo tuseme na dosari. Ya kwanza ni upya. Liang Sicheng, mwanahistoria mkubwa wa majengo ya Uchina, alilipima daraja hili mwaka 1933 likiwa limechakaa. Ukarabati wa miaka ya 1950 uliliokoa, lakini mawe mapya yakafunika sehemu kubwa, na Liang mwenyewe baadaye alilalamika kwamba mzee wa watu amerudishwa ujanani. Nakubaliana naye. Kingo zenye mazimwi yaliyochongwa unazozishika leo ni mpya. Zile za kale ziliopolewa kutoka matope ya mto, na kipande kimojawapo kiko Makumbusho ya Taifa ya Uchina, Beijing. Dosari ya pili ni safari. Treni ya kasi kutoka Beijing hadi Shijiazhuang haifiki saa moja na nusu, lakini kutoka hapo ni basi au gari la kukodi, kisha bustani yenye kiingilio, na mto wenyewe siku hizi ni mpole mno kukuonyesha kwa nini yale matundu yalihitajika. Siku nzima inakwisha kwa daraja moja. Mtu asiyejali mambo ya ujenzi atauliza kwa nini umemleta.

Lugou: nguzo nene, simba wengi

Hili ndilo Wazungu waliloliita daraja la Marco Polo, kwa sababu alilisifu katika maelezo ya safari zake, ingawa alilihesabia matao 24. Matao ni 11. Liko kusini-magharibi mwa Beijing, kilomita kama 15 kutoka katikati ya mji, juu ya mto Yongding, na lilijengwa kati ya 1189 na 1192, enzi ya Jin. Lina urefu wa mita 266.

Mto huu haukuwa mpole. Ulikuja na tope, ukahama njia, na kila mwisho wa baridi ukabeba mabamba ya barafu yaliyovunjika. Kwa mto wa namna hiyo tao moja refu lilikuwa halifikiriki, na mafundi wakachagua nguzo kumi zilizosimama majini, nene kiasi kwamba kila moja ina uwezo wa kuupokea msukumo wa tao lake bila kutegemea upande wa pili. Tao moja likivunjika, yaliyobaki yanasimama. Upande ambao maji yanatokea, kila nguzo imechongoka mfano wa omo la jahazi, na kwenye ncha wamesimamisha mhimili wa chuma wenye pembe tatu. Barafu inapogonga inapasuka hapo kabla haijagusa jiwe. Ukitaka kuviona vyuma hivyo usibaki juu ya daraja. Shuka ukingoni, upande wa juu wa mto, uinamie kidogo.

Nguvu yake si maneno. Mwaka 1975 gari la mizigo mikubwa lenye uzito wa zaidi ya tani 400 lilipitishwa juu yake, na daraja likatulia. Magari ya kawaida yalizuiwa katika miaka ya 1980, jambo la busara. Mwishoni mwa Julai 2023 mafuriko makubwa yalipita chini ya matao haya haya.

Hata hivyo, wengi hawaendi Lugou kwa ajili ya nguzo. Wanakwenda kwa ajili ya simba. Juu ya vijiti vya mawe 281 vya kingo wamekaa simba waliochongwa, na hakuna wawili wanaofanana. Mmoja ana mtoto chini ya unyayo, mwingine ana watoto mgongoni, mwingine ametega sikio moja kama anasikiliza maji. Wachina wana msemo kwamba simba wa Lugou hawahesabiki, na kwa kweli hesabu zimepishana: iliwahi kutajwa 485, siku hizi hutajwa 501. Wachache ni wa zamani sana, wengi ni wa enzi za Ming na Qing, na wapo waliowekwa juzijuzi. Ukitazama mikono ya wachongaji utaanza kuwatofautisha: wa kale wana uso mfupi na wamechakaa kwa mvua, wapya wana manyoya yaliyokatwa kwa ukali.

Katikati ya sakafu wameacha ukanda wa mawe ya zamani yenye makovu ya magurudumu, mashimo na mifereji, hata kutembea juu yake ni kazi. Mimi napenda ukanda huo kuliko simba. Kando yake wametengeneza njia laini kwa ajili ya wageni. Ncha ya mashariki kuna jiwe la mfalme Qianlong lenye mwandiko wake kuhusu mwezi wa alfajiri juu ya Lugou.

Na kuna uzito mwingine. Usiku wa tarehe 7 Julai 1937, risasi zilizorushwa hapa kati ya majeshi ya Japani na ya Uchina zilifungua vita kamili vilivyodumu mpaka 1945. Ngome ndogo ya Wanping iko hatua chache kutoka darajani, na ndani yake kuna makumbusho makubwa ya vita hivyo. Kwa Mchina wa kawaida, Lugou ni tarehe hiyo kwanza, daraja baadaye. Ukienda na rafiki Mchina, mwache aongoze mazungumzo.

Dosari yake kwangu: likitazamwa kwa upande ni zito. Nguzo zimekula nafasi ya maji, matao yanaonekana madogo kuliko yalivyo. Baada ya bwawa la Guanting kujengwa juu ya mto katika miaka ya 1950, maji yalipungua, na kwa miaka mingi lilikuwa daraja juu ya mchanga. Siku hizi maji yamerudishwa, lakini ule mto mkali uliolazimisha nguzo hizi ziwe hivi hutauona isipokuwa siku mbaya.

Baodai: mita 317 bila mbavu nene

Suzhou watu huenda kwa bustani na hariri. Kusini-mashariki mwa mji, pale ambapo ziwa dogo linakutana na Mfereji Mkuu, kuna daraja refu, jembamba na la chini, lenye matao 53. Upana wake ni mita 4 tu na ushee. Halina kingo pembeni. Ukilitazama kwa mbali linaonekana limechorwa kwa mstari mmoja, na mstari huo unainuka mahali pamoja tu, kwenye matao matatu makubwa ya kupitisha mashua.

Lilijengwa kwanza kati ya 816 na 819, enzi ya Tang, chini ya gavana Wang Zhongshu, ambaye husimuliwa kwamba aliuza mkanda wake wa thamani kuchangia gharama. Halikujengwa kwa ajili ya wapita njia wa kawaida. Mfereji Mkuu ulikuwa ukibeba mpunga wa kodi kutoka kusini kwenda kaskazini, na upepo ukiwa wa mbele mashua zilivutwa kwa kamba na watu waliotembea ukingoni. Hapa ukingo ulikatika kwa sababu ya mdomo wa ziwa. Kujenga tuta kungefunga maji ya ziwa, nayo yangelibomoa. Basi wakajenga njia ya wavuta kamba iliyojaa matundu. Ndiyo maana ni la chini, ndiyo maana halina kingo: kamba ndefu inayovuta shehena ingenasa kwenye kila kijiti. Ukishajua hivyo, ule wepesi unaousifu pichani unageuka kuwa jasho la watu.

Ardhi ya Suzhou ni tope. Nguzo nene za Lugou hapa zingezama, na tao bapa la Zhaozhou lingezisukuma kingo mpaka zikimbie. Mafundi wa kusini wakaenda njia ya tatu. Walipigilia magogo kwenye tope, wakasimamisha juu yake nguzo nyembamba, za Baodai zina unene wa kama sentimita 60, na matao mepesi juu yake. Tao la kushoto linasukuma kulia, tao la kulia linasukuma kushoto, na nguzo katikati inabaki na kazi moja tu ya kubeba uzito wima. Mawe ya tao yamepangwa kwa vipande vilivyopinda, na kati ya safu na safu kuna jiwe refu lililolazwa kwa upana wa daraja lenye matundu ya kupokea ncha za vipande hivyo. Maungio hayo yana kalegezo kidogo. Tope likititia, tao linajipinda kidogo badala ya kupasuka.

Hatari ya mpango huu iko wazi: ukimwondoa jirani mmoja, kila mtu anaanguka. Na ilitokea. Mwaka 1863, wakati wa vita vya kuwakandamiza waasi wa Taiping, Mwingereza Charles Gordon, aliyeongoza kikosi kilichopigania serikali ya Qing, aliondoa tao moja kubwa ili meli ya mvuke ipite. Matao 26 yakafuatana majini. Msomaji wa Afrika Mashariki anamfahamu mtu huyu: ndiye Gordon aliyekuwa gavana wa Ikwatoria katika miaka ya 1870, huko kusini mwa Sudani na kaskazini mwa Uganda ya leo, akauawa Khartoum mwaka 1885.

Lakini kwa nini yalianguka 26, si yote? Kwa sababu mafundi wa kale waliiona hatari hiyo. Kati ya tao la 27 na la 28 waliweka nguzo moja nene kuliko nyingine zote, ya kusimama peke yake endapo upande mmoja utakwenda. Maporomoko yalipofika pale yakakoma. Daraja likajengwa upya mwaka 1872, na ndilo tunaloliona. Kutembea juu ya Baodai ukiitafuta nguzo hiyo, ukaikuta kweli ni pana kuliko wenzake, kwangu kunazidi simba wote wa Lugou. Mtu fulani, bila hesabu za chuo kikuu, alikaa akawaza siku ambayo kazi yake itaharibiwa, na akaiandalia mahali pa kuishia.

Pia ni rahisi kufika. Treni ya kasi kutoka Shanghai hadi Suzhou ni nusu saa hivi, kisha treni ya mjini, laini ya 2, ina kituo chenye jina la daraja. Karibu yake kuna bustani ya ziwa Dantai. Kando ya daraja, matishari ya mchanga na makontena bado yanapita kwenye mfereji, ambao tangu 2014 ni urithi wa dunia wa UNESCO. Dosari? Barabara kubwa na daraja la zege viko karibu mno, na ukipiga picha lazima ujue pa kusimama. Watu wa Suzhou husimulia kwamba katika usiku wa mbalamwezi wa mwezi wa nane wa kalenda yao kila tao hupata mwezi wake ndani ya maji. Sioni itawezekanaje kwa matao 53 yanayotazama upande mmoja, ila msongamano wa wapiga picha usiku huo ni wa kweli, kwa hiyo chagua usiku mwingine.

Kama uko kwingine

Mwenye watoto, au wazazi waliokuja kutembea Beijing, asihangaike na Hebei. Kasri la Majira ya Joto lina madaraja mawili ya kutosha, yote ya enzi ya Qianlong, karne ya 18. Yudai ni tao moja jeupe lililopanda juu sana kupitisha mashua ya mfalme. Tao refu kwenda juu halisukumi sana pembeni, kwa hiyo kingo zake zinaweza kuwa nyembamba, na hapo ndipo ule mkunjo wa madaha unapotoka. Mzee mwenye magoti mabaya alitazame kutoka kwenye boti, ngazi zake si za mchezo. La pili ni la matao 17, mita 150, na siku za karibu na tarehe 21 Desemba jua la jioni huingia ndani ya matao yote na kuyapaka dhahabu. Uzuri mtupu, uhandisi kidogo.

Hangzhou kuna Gongchen, matao matatu, mwisho wa kusini wa Mfereji Mkuu. La kwanza lilijengwa 1631, la sasa ni la ukarabati wa 1885. Nguzo zake ni nyembamba kwa sababu zilezile za tope, na baada ya kugongwa na matishari mara kwa mara, mwaka 2005 wakasimamisha walinzi wa zege majini mbele yake. Watu wa mtaa wanalivuka kwenda sokoni, na hilo ndilo linalolipa alama kwangu. Treni ya mjini inafika.

Wenye makao Guangzhou wamekaa vibaya kidogo kwa matao. Panda treni hadi Quanzhou, ile Zaytun aliyoifikia Ibn Battuta miaka kadhaa baada ya kupita Mombasa na Kilwa, ukaone daraja la Luoyang la mwaka 1053 hadi 1059. Halina tao hata moja, ni boriti za mawe juu ya nguzo katika mkono wa bahari, na mafundi walipandikiza chaza kwenye msingi ili magamba yao yayashikanishe mawe. Kwa mtu wa pwani, hilo nalo linatosha kuwa sababu ya safari.

Namna ya kuamua

Mhandisi, mwanafunzi wa ujenzi au mtu anayetaka kuelewa kwa kichwa: Zhaozhou, na usome vipimo kabla hujafika, la sivyo utaona daraja zuri la bustani basi. Mwenye nusu siku Beijing na anayependa historia: Lugou, asubuhi, na makumbusho ya Wanping baada yake. Mwenye kamera: Yudai kwa umbo, Baodai kwa urefu. Anayeudhika na ukarabati unaong'aa ajue kwamba kati ya matatu makubwa hakuna lisiloguswa. Ule ukanda wa makovu wa Lugou ndio kipande cha kale kinachoonekana wazi zaidi, na Baodai angalau halijifanyi kuwa la Tang.

Kama pesa na muda vinakuruhusu mawili, usichukue Zhaozhou na Lugou pamoja kwa sababu tu yako upande mmoja wa nchi. Chukua Zhaozhou na Baodai. Moja limeitegemea ardhi, jingine limekataa kuitegemea, na ukiyaona kwa kufuatana ndipo utakapoelewa kwa nini daraja la kaskazini haliwezi kuhamishiwa kusini.

Na wafanyabiashara wa Yiwu, ambao ndio wengi wetu na ndio wenye siku chache kuliko wote, wanalo lao na hawalijui. Kusini mwa mji, katika tarafa ya Chi'an, kuna daraja la Guyue la mwaka 1213, enzi ya Song. Tao lake halina mkunjo hata kidogo: ni boriti ndefu za mawe zilizounganishwa kwa kona, pande tano, juu ya kijito kidogo. Hapo utaona mafundi wakiwa katikati ya safari kutoka boriti kwenda tao. Teksi kutoka sokoni inatosha, mwambie dereva akusubiri, na jioni utawahi kurudi kumalizia mzigo wako.